Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote mliofika. Mmefika wachache, na jambo hili nitalirudia.

Shughuli za kawaida mnazijua: futari ya pamoja, mechi ya watoto, matanga mawili tuliyochangia, chai ya Jumapili. Zote zilikwenda salama. Wanachama walio daftarini ni 58, waliolipa ada ni 19, zilizoingia pauni 570, zilizotoka pauni 912. Mhazini atajibu maswali, nami naomba yasiwe marefu.

Sasa safari ya kwenda kutazama kriketi Scarborough, mji wa pwani.

Nimesemwa sana. Wapo waliotaka twende uwanja wa Headingley kama kila mwaka, maana ni hapa hapa Leeds, na wapo walioandika kwenye kikundi cha WhatsApp kwamba mwenyekiti amekodi basi la watu 49 kwenda kutazama shakwe. Uamuzi ulikuwa wangu, sikatai. Lakini uwanja wa North Marine Road si wa kubezwa. Ni wa klabu ya mji ule, iliyoanzishwa 1849, na timu ya kaunti yetu, Yorkshire, hadi leo huenda kucheza mechi za kaunti pale wakati wa kiangazi. Tamasha lake la kriketi lilianza 1876. Hobbs, bingwa wa Uingereza, alipata mikimbio (ndiyo pointi za kriketi) 266 pale mwaka 1925, wala hakutolewa. Bradman, bingwa wa Australia, alipiga 132 kabla ya chakula cha mchana mwaka 1934, akarudi 1948 akapiga 153. Na mwaka 1886 mchezaji C.I. Thornton aliupiga mpira ukapita juu ya nyumba ukaangukia Trafalgar Square. Yule ndugu aliyeuliza mpira ulifikaje London, ajue huo ni mtaa ulio ubavuni mwa uwanja.

Headingley mchezaji unamwona kama sisimizi. Kule tulikaa kwenye mabenchi, na mchezaji aliyesimama ukingoni mwa uwanja tulimsikia akihema. Wakati wa mapumziko watoto wetu waliingia uwanjani na mpira wao, hakuna aliyewafukuza. Upepo wa bahari ulinikumbusha Mombasa, ingawa wa kwetu haumvishi mtu koti mwezi wa Agosti. Mzee wetu mmoja, ambaye kwa kawaida hulalamika tangu kwenye ngazi za basi, alikaa saa nzima kimya. Sitaki sifa, ila wazo lilikuwa la nani?

Ni kweli ukungu uliingia baada ya chai, mchezo ukasimama. Ukungu hauombi ruhusa kwa mwenyekiti.

Kilichoniuma ni viti. Mwaka 1947 watu 22,946 walibanana uwanjani pale kuitazama Yorkshire na Derbyshire. Sisi tulipanda 21. Viti 28 vilikwenda vitupu na kurudi vitupu, na vyote vimelipiwa. Waliojiandikisha kwa mbwembwe wakazima simu asubuhi ile, wanajijua, na baadhi yao ndio wanaouliza leo pauni 912 zimekwenda wapi.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kwenda tena, pengine kwa basi dogo. Suala la jezi bado linaangaliwa.

Namshukuru katibu, na akina mama waliopika sambusa za njiani. Aliyesahau koti la buluu kwenye basi, liko kwangu. Aje na ada yake.

Wenu,
Mwenyekiti