Dada aliniuliza kama ningemeza dawa hizi, nikanyamaza

Mshauri, shikamoo.

Nasoma uuguzi, mwaka wa tatu. Kabla sijaingia wodi ya magonjwa ya akili niliamini dawa za sonona ni za watu dhaifu, na kwamba ukishaanza huachi tena. Darasani nikafundishwa vingine: hazileti uraibu, ila mtu akiziacha ghafla anaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi wa mang'amung'amu, ndiyo maana hupunguzwa kidogo kidogo. Mtihani huo niliufaulu vizuri.

Kisha nikapelekwa wodini wiki nne. Huko nilikutana na waliozidiwa tu: aliyelazwa mara ya tatu, aliyekataa kula, mama aliyetazama ukuta asubuhi hadi jioni. Waliopata nafuu wako makwao na makazini, sikumwona hata mmoja. Akili inalielewa hilo, lakini moyo umehesabu wale niliowaona. Wenzangu waliopangiwa kliniki ya wagonjwa wa nje walitoka na imani kubwa kuliko waliyoingia nayo, maana wao waliona watu wakirudi na nuru usoni.

Sasa dada yangu ameandikiwa fluoksetini, mojawapo ya dawa hizo za sonona. Siku ya kumi alilalamika kwamba tumbo linamsumbua, usingizi hauji, na huzuni iko palepale. Nikamweleza kwamba maudhi ya dawa hutangulia, na nafuu huweza kuchukua wiki kadhaa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: “Mdogo wangu, ingekuwa wewe, ungezimeza?”

Nikanyamaza. Kidogo tu, lakini alinisoma usoni. Tangu siku hiyo ananiambia anakunywa, nami nikivihesabu vidonge, siku ya nne leo havipungui.

Nimemuuliza waziwazi kama anawaza kujiua, maana tulifundishwa kwamba kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Amesema hapana, na nimemwamini. Miadi yake na daktari ni wiki mbili zijazo. Je, nimwambie daktari bila dada kujua? Huyu ndiye aliyenilea, na kumzunguka hivyo kunanichoma. Au nimrudie yeye kwanza, nikiri kwamba nilisita kwa sababu ya niliyoyaona wodini, si kwa ubaya wa dawa? Naogopa nikimsimulia ya wodini nitamtia hofu zaidi.

Kumjibu “ningezimeza” ni rahisi. Nataka nilitamke nikiwa nalimaanisha, kwa sababu uongo wangu ataujua. Nianzie wapi?

Mdogo mtu