Wiki ya nyimbo mbili mbili

Habari za jioni wanakikundi.

Wiki hii tupumzike na mambo ya michango. Kuanzia leo hadi Jumapili kila mmoja arushe nyimbo mbili: ile uliyokuwa huiachi ukiwa na miaka 15, na ile unayoisikiliza sasa ukiwa peke yako. Ya pili iwe ya kweli, siyo ya kujionyesha.

Naanza mimi. Shuleni nilikuwa mtu wa Bongo Fleva tu, mashairi nayaandika nyuma ya daftari la hesabu. Babu akianza kupiga ilimba yake uani, kule Nkuhungu, naongeza sauti ya redio. Leo ndiyo ninayoitafuta kwenye simu. Vile vyuma vyembamba vinavyogongwa na vidole gumba, na ule mvumo wa pembeni kama nyuki kwenye kopo! Juzi nimepitiliza kituo kwa ajili yake. Hukwe Zawose, Mgogo wetu aliyefariki 2003, aliifikisha hadi Ulaya, na mimi nyumbani nilikuwa naizimisha. Muheme nao, akina mama wamebana ngoma mapajani, nilikuwa naona aibu. Siku hizi harusi isiyo na muheme naiona imepoa.

Dansi la zamani bado halijaniingia. Wazee wa Majengo mnisamehe.

Mwenye bando dogo aandike jina la wimbo tu, tutamtafutia. Na matangazo ya viwanja, tafadhali, yasubiri Jumatatu.