Shuka Mbeya, Ukae: Barua kwa Mdogo Wangu Aliyechoka na Njia

Mdogo wangu,

Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Uko Dar es Salaam, kwenye gesti ya Kariakoo, umechoka, na unawaza kukata tiketi ya kurudi Mombasa ilhali Cape Town bado iko mbali. Mama nimezungumza naye. Anasema uamuzi ni wako. Nakuandikia hadharani kwa sababu nawajua vijana wengi wa kwetu walioondoka na begi moja, wakarudi katikati ya njia, na mpaka leo wanaona haya kulitaja jambo hilo. Huenda mmoja wao akasoma.

Tangu utoke nyumbani hujalalia kitanda kimoja wiki nzima. Kila siku unapatana bei upya, unauliza njia upya, unajieleza kwa mtu ambaye kesho hutamwona. Basi la usiku mwili unalistahimili; kinachokumaliza ni kuwa mgeni kila asubuhi. Kwa hiyo nakuomba usirudi, na wala usikimbilie Lusaka ukidhani mji mpya utakuamsha. Njoo Mbeya, ukodi chumba, ukae mpaka hamu ya njia ikurudie yenyewe.

Utaniuliza kwa nini Mbeya. Ni jiji la watu zaidi ya nusu milioni kwa sensa ya 2022, kwa hiyo hospitali, benki na fundi wa simu unavipata, na bado muuza mboga wa kona anakumbuka ulinunua nini jana. Tena safari hujaiacha. Njia zote zinagawanyikia hapa: Tunduma ukielekea Zambia, Kasumulu ukielekea Malawi, na kila mpaka ni mwendo wa asubuhi moja. Reli ya TAZARA, ile iliyojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1970, inapita hapa hapa ikielekea Kapiri Mposhi. Ila treni usiitegemee kabla hujauliza kituoni, maana ratiba yake hubadilika.

Baridi nisikufiche. Tuko kwenye mwinuko wa kama mita 1,700, na Juni na Julai mtu wa pwani analala na soksi na sweta. Sokoni Mwanjelwa makoti ya mitumba yapo mengi, utachagua. Samaki wa bahari sahau, lakini Ziwa Nyasa lina mbasa, na mchele wa Kyela ukichemka jirani anajua unapika nini. Viazi, maharage, maparachichi na ndizi za Tukuyu havikosekani.

Sasa chumba, maana hapa ndipo wasafiri wengi wanapokata tamaa. Usichukue gesti kwa mwezi. Gesti ni gesti tu, hata ukikaa mwaka. Mhudumu atabadilika na hakuna atakayeuliza mbona leo hujatoka. Dalali naye atataka malipo ya kukuonyesha, kisha kodi ya mwezi mzima juu yake. Tembea mwenyewe Ilomba, Soweto, Sae, uulize madukani na kwa mafundi cherehani. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Tafuta nyumba ambayo mwenyewe anaishi humo humo uani. Huyo ukimweleza hali yako kwa adabu anaweza kukubali mwezi kwa mwezi. Uliza maji yanatoka siku zipi. Uliza LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ni yako peke yako au mnachangia, kwa sababu hakuna ugomvi wa uani unaozidi ule wa umeme wa kuchangia. Kama mvua zimeanza, na hapa zinaanza Novemba mpaka Aprili, panda ile njia ya kwenda nyumbani kwa miguu kabla ya kulipa. Udongo wa milimani unateleza vibaya.

Mimi siku niliyohamia, mama mwenye nyumba alinishika mkono tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Alitoa daftari kubwa lililobanduka jalada, akaandika jina langu, namba ya pasipoti, nilikotoka. Kisha akauliza, “Umefikia kwa nani?” Kabla sijafungua mdomo mama akajibu, “Kwangu.” Mwenyekiti akaandika hivyo hivyo, akafunga daftari, akaniambia karibu sana. Mdogo wangu, miji yote niliyopita nilikuwa nimefikia kwenye jengo. Hapa nilifikia kwa mtu, na dereva wa bajaji pale kona tangu siku hiyo ananitajia nauli anayomtajia kila mtu.

Haikuishia hapo. Nyumba ya tatu kutoka kwetu walifiwa na baba yao. Msiba hapa ni wa mtaa mzima: turubai linafungwa, daftari la rambirambi linapita, wanawake wanakuja na masufuria, wanaume wanakesha nje kwenye moto. Nilitoa mchango wangu, nikawa nasimama pembeni kama wageni tunavyosimama. Mama mmoja akanipa kisu na chane za ndizi mbichi. Akaniambia nijipake kwanza mafuta ya kula mikononi, maana utomvu ukishika hautoki. Unakata ncha zote mbili, unachana ganda kwa urefu, unalibandua kwa kidole gumba, na ndizi unaitumbukiza kwenye maji isije ikawa nyeusi. Tulimenya mpaka jua likazama. Aliyeniuliza Mombasa iko wapi hakuwepo. Waliniuliza kama nimekula.

Nilijua usiku ule kwamba uchovu wangu umepungua. Sikuwa nimepumzika hata kidogo, mgongo uliniuma, lakini nilikuwa nimetumwa kazi na watu wanaonijua jina.

Jumapili za mwanzo zitakuwa nzito, jiandae. Uani kunabaki kimya, watu wako makanisani, unasikia kwaya tu kutoka pande zote. Wamoraviani wako nyanda hizi tangu 1891, na kuimba kwao si mchezo. Misikiti ipo pia, utakuta watu wema. Siku hizo usijifungie ukitazama picha za nyumbani kwenye simu. Toka, hata kununua kiberiti.

Na usijitengenezee orodha ya vivutio. Ziwa Ngozi, Daraja la Mungu, maua ya Kitulo, vyote vipo karibu na ni vizuri kweli. Nenda siku jirani anapokwambia kesho tunaenda. Ukivikimbiza peke yako utakuwa umerudi kwenye mbio zile zile zilizokuchosha.

Jambo la uhamiaji ulishike vizuri, nalisema kama dada yako mkubwa. Kiswahili chetu kinawasahaulisha watu kwamba hapa tuko nchi ya wenyewe. Siku ulizogongewa mpakani ndizo siku zako. Zikikaribia kuisha nenda ofisi ya uhamiaji ya mkoa mapema, usingoje ziishe. Kazi ya malipo bila kibali usiiguse, hata ya kumsaidia mtu dukani. Kaa kwa akiba yako, na ikipungua tuambiane.

Basi panda la alfajiri pale kituo cha Magufuli, Mbezi. Ni zaidi ya kilomita 800, na mchana utaona wanyama wa Mikumi kandokando ya lami, kisha mibuyu ya bonde la Ruaha, kisha kona za Kitonga kabla hujafika Iringa. Koti liweke juu ya begi, kuanzia Makambako utalihitaji. Shuka kituo cha Nane Nane, nitakuja kukupokea.

Chumba kilicho karibu na changu kinaachwa wazi mwisho wa mwezi. Dirisha linatazama mlima Loleza, LUKU ni yake peke yake, maji ni ya bomba la uani. Mama mwenye nyumba amekubali mwezi kwa mwezi, ila kuna mwalimu naye anakitaka, kwa hiyo mama huyo anataka jibu letu kabla ya Ijumaa. Nijibu leo.

Dada yako