Wati 5 si za kuchezea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nijibu makala ya vifaa vya muziki mliyoichapisha majuzi, ambamo mwandishi aliwaonya wanaojifunza gitaa la umeme wasinunue amplifaya ndogo za valvu, yaani zile zinazokuza sauti ya gitaa kwa chupa za kioo zenye umeme ndani. Alitoa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba wati 5 ni za kuchezea tu, na kwamba mtu mwenye nia ya kweli anunue ya wati 100 mara moja ili asije akajuta. Ya pili aliileta kama faraja kwa wale ambao tayari wanazo: kwa kuwa mashine hizi ni ndogo na nyepesi, mwenyewe anaweza kuzifungua, akafuta vumbi na kubadilisha kilichokufa bila kumsumbua fundi. Ninayo amplifaya ya namna hiyo, huu ni mwaka wa kumi na moja, na naipiga karibu kila siku. Kwa maoni yangu hoja zote mbili zimezaliwa na kosa moja, yaani kudhani kwamba udogo wa wati ni udogo wa kila kitu. Hoja ya kwanza itamgharimu msomaji fedha na masikio. Ya pili inaweza kumgharimu uhai, na hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Nianze na wati, maana ndizo zilizomchanganya mwandishi. Sikio la binadamu halihesabu wati moja moja. Ukiongeza nguvu ya amplifaya maradufu, tuseme kutoka wati 50 hadi 100, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu (desibeli ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti), kiasi ambacho msikilizaji hukitambua lakini hakimshtui. Ili sauti isikike kana kwamba imekuwa kubwa mara mbili, nguvu inabidi iongezwe takriban mara kumi. Kwa hiyo amplifaya ya wati 100 haina kelele mara ishirini ya ile ya wati 5. Ukiziunganisha kwa zamu na spika ile ile, tofauti yake ni desibeli 13, ambazo sikio huzikadiria kuwa mara mbili na nusu hivi. Tena mwandishi hakuigusa kabisa spika, ilhali spika ndiyo inayosema neno la mwisho. Kuna spika ya gitaa inayotoa desibeli 93 ikipewa wati 1 na kupimwa kwa umbali wa mita 1, na kuna nyingine inayotoa 99 kwa wati hiyo hiyo moja. Kubadilisha ya kwanza kwa ya pili ni sawa na kuiongezea amplifaya nguvu mara nne, na ndani ya amplifaya yenyewe hujagusa hata waya mmoja.

Sasa tuipe ile spika dhaifu, ya desibeli 93, wati zote 5. Itafika desibeli 100 kwa umbali wa mita 1. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, NIOSH, inashauri kuwa mtu asikae kwenye desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku, na kwamba kila desibeli 3 zinazoongezeka zipunguze muda huo kwa nusu. Ukifuata hesabu hiyo hadi desibeli 100 utajikuta umebakiwa na dakika 15. Dakika 15, Mhariri, kwa kitu ambacho makala ilikiita cha kuchezea. Majirani zangu wangeweza kumweleza mwandishi jambo hili kwa lugha kali zaidi.

Lakini sikuinunua yangu kwa sababu ya kelele. Niliinunua kwa sababu ya namna sauti inavyoharibika ndani yake, na hapa pana jambo ambalo wati 100 haziwezi kumpa mtu aliye chumbani. Valvu ni chupa ya kioo iliyonyonywa hewa. Ndani yake mna kathodi inayopashwa joto hadi ianze kurusha elektroni, bamba linalozivuta elektroni hizo kwa volti mia mbili na zaidi, na katikati yake wavu mwembamba ambao, kwa kupokea umeme mdogo sana unaotoka kwenye nyuzi za gitaa, huuruhusu au huuzuia mkondo ule mkubwa upite. Mpaka hapo ni kazi ya kukuza tu, na transista, kile kifaa kidogo kilichokuja kuchukua nafasi ya valvu, iliyozaliwa mwaka 1947 katika maabara za Bell, huifanya kwa unadhifu zaidi. Utamu huja pale valvu inapofikishwa kwenye kikomo chake. Haikatiki ghafla, huanza kubana vilele vya wimbi taratibu, ikichanganya ndani ya noti sauti nyingine ambazo hazikuwamo, na ya kwanza na yenye nguvu zaidi katika amplifaya yenye valvu moja ya nguvu huwa ni ile ya oktava juu ya noti yenyewe, yaani noti ile ile kwa sauti nyembamba zaidi. Sikio haliioni hiyo kuwa uharibifu. Huiona kuwa unene.

Yangu ina valvu mbili tu, moja ya ECC83 inayotangulia kukuza na moja ya EL84 inayosukuma spika ya inchi 8, zote ndani ya boksi moja na spika hiyo, ndiyo maana aina hii huitwa kombo. Nikiipandisha nobu yake, yaani kile kitufe cha kuzungusha cha sauti, hadi kwenye 7 na kupunguza ile ya kwenye gitaa hadi 4, sauti hutoka safi na yenye kengele kidogo. Nikizigonga nyuzi kwa nguvu hukwaruza, nikilegeza kidole hurudi kuwa safi, wala sijakanyaga pedali yoyote ya kubadilisha sauti. Mkono wa kulia ndio unaoamua. Mtu mwenye wati 100 atapata hali hiyo hiyo atakapofika 7, lakini atakapofika huko hatakuwa na mtu wa kumsikiliza chumbani, kwa hiyo maisha yake yote ataipiga kwenye 1 na nusu, mahali ambapo valvu zake za nguvu bado zimelala. Amenunua lori la kubebea mkoba.

Historia nayo iko upande wa ndogo. Amplifaya iitwayo Champ, ya kampuni ya Fender ya Marekani, ya mwishoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa na wati zipatazo 5, spika ya inchi 8 na nobu moja peke yake, ambayo ilikuwa pia swichi ya kuwashia. Ilikusudiwa wanafunzi, sikatai. Ila mafundi wa studio waligundua mapema kwamba ukiisogezea maikrofoni, anayesikiliza rekodi hana namna ya kujua kama boksi lilikuwa na kimo cha goti au cha mtu mzima.

Haki ni haki: wati 5 zina mahali zinaposhindwa. Nikikaa na mpiga ngoma asiyejua kujizuia, na bendi ikataka gitaa la sauti safi kabisa isiyokwaruza, yangu huishiwa pumzi kwenye wimbo wa kwanza, na hapo ama fundi mitambo anaiwekea maikrofoni na kuipitisha kwenye spika kubwa za ukumbi, ama natafuta kombo ya wati 15 yenye EL84 mbili, ambayo kwa wengi wetu huitosheleza kazi hiyo. Lakini hata hapo naomba mtu asikimbilie kununua kabla ya kufanya jambo moja lisilo na gharama. Spika ya gitaa hurusha sauti kali mbele yake kwa ufinyu kama mwanga wa tochi. Boksi likiwa sakafuni, mwanga huo hupita usawa wa mashavu ya miguu, na mashavu hayo hayana masikio. Mpigaji aliyesimama juu yake hudhani sauti ni ndogo na butu, anapandisha nobu, na aliyeketi mita tano mbele yake anaziba masikio. Iweke juu ya kiti, au iegemeze nyuma ili itazame uso wako. Nimeona watu wakiacha mipango ya kuuza amplifaya zao kwa sababu ya kiti cha mbao.

Nije sasa kwenye lile la kufunguafungua. Ndani ya kombo ndogo ya valvu, wati ni chache lakini volti si chache hata kidogo: bamba la EL84 yangu hufanya kazi kwenye volti zinazokaribia 300, na katika mashine nyingine ndogo hupita hapo. Volti hizo huhifadhiwa kwenye kapasita za kichujio, ambazo kazi yake ni kulainisha umeme, na kapasita haijui kwamba umechomoa plagi ukutani. Zipo zinazojimaliza kwa sekunde chache kwa sababu mtengenezaji aliweka rezista, kifaa kinachopunguza mkondo wa umeme, ya kuzimwagia, na zipo zinazokaa na mzigo wao kwa muda mrefu zikingoja kidole. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Fundi anayejiheshimu hupima kwa mita kila mara, humwaga umeme huo kupitia rezista, kisha hupima tena kabla ya kugusa, na mkono mmoja hubaki mfukoni ili mkondo usipate njia ya kupita kifuani. Kumwambia msomaji asiyejua haya kwamba afungue na kufuta vumbi kwa kitambaa, tena pengine chenye unyevu, ni ushauri ambao gazeti halipaswi kuubeba.

Mwenyewe anayo ya kufanya bila kulifungua boksi la chuma lenye nyaya za umeme ndani, na angeelezwa hayo. Aangalie maandishi ya volti nyuma ya mashine kabla ya kuichomeka, kwa sababu iliyotengenezwa kwa volti 120 haitasalimika kwenye 240. Ahakikishe waya wa ethi, ule wa usalama unaopeleka umeme ardhini, upo na umefungwa. Amplifaya za zamani za plagi ya miguu miwili zipelekwe kwa fundi kwanza, hata kama zinapiga vizuri. Valvu inayolia au kutoa mlio wa kengele kila noti inapopigwa huweza kutambuliwa kwa kuigongagonga taratibu kwa ncha ya nyuma ya penseli, sauti ikiwa juu kidogo: yenye kasoro itajibu kwenye spika. Valvu hubadilishwa mashine ikiwa imezimwa na imepoa, na asishtuke akiuziwa 12AX7 badala ya ECC83, kwani ni kitu kimoja kwa majina ya Marekani na ya Ulaya. Katika kombo nyingi za wati 5 valvu ya nguvu hujirekebisha yenyewe, hivyo ya aina ile ile huingia bila kupimwa. Kwenye kubwa zaidi, aulize kwanza.

Na asiiwashe kamwe bila spika. Hili nimelilipia. Nilikuwa nimeisafirisha yangu kwenye buti la gari, na plagi fupi ya spika ilikuwa imechomoka nusu bila mimi kuona. Niliwasha, nikangoja joto, nikacharaza nyuzi zote kwa pamoja, spika ikanyamaza. Lakini noti zangu zilisikika: zilikuwa zikitoka ndani ya boksi la chuma, nyembamba kama mbu aliyefungiwa kwenye kopo. Ilikuwa ni transfoma ya kutolea sauti, ile inayopeleka nguvu ya valvu kwenye spika, inayoimba yenyewe kwa kukosa pa kupeleka nguvu. Badala ya kuzima, nikapandisha nobu ili nisikie vizuri zaidi! Mlio ukakatika, ikafuata harufu ya vanishi iliyoungua, na fyuzi ikamaliza mazungumzo. Amplifaya ya transista kwa kawaida huvumilia kukosa spika. Ya valvu hupandisha volti ndani ya transfoma hiyo hadi kihami cha nyaya zake kipasuke. Kazi ya kuibadilisha ilikuwa ya fundi, na ilichukua majuma matatu, ambayo niliyatumia kupiga gitaa kavu na kukagua plagi za watu wengine bila kuombwa.

Ninatambua kwamba safu ya vifaa haiwezi kueleza yote katika toleo moja, na suala la wati naweza kumwachia mwandishi alifikirie upya kwa wakati wake. Lile la kufungua mashine haliwezi kungoja. Naomba katika toleo lijalo, mahali pale pale makala ilipotokea na kwa herufi za ukubwa ule ule, wasomaji waambiwe kwamba kuchomoa plagi hakuondoi umeme ndani ya amplifaya ya valvu, na kwamba skrubu za boksi lake la chuma zibaki zilipo mpaka afike mtu mwenye mita na mwenye kujua kuitumia.

Wako,
Mpiga gitaa na msomaji wako wa siku nyingi