Dada, yule ngamia ninaye

Dada yangu, shikamoo. Najua huitikii. Namba yangu umeifungia tangu usiku wa sendofu ya mwanao, basi naandika huku, wenzako wa kwaya watakusomea.

Ugomvi wetu haukuanzia ukumbini. Ulianzia Bethlehemu, kwenye kile kiduka karibu na Kanisa la Kuzaliwa kwa Yesu. Mzee mwenye duka, Mpalestina, katukaribisha chai, kasema ni Mkristo, nawe ukamwuliza kwa ile sauti yako ya kuongoza maombi: umeokoka lini? Akacheka, akanyoosha kidole kanisani. Akatueleza kwamba kwenda kusali Pasaka Yerusalemu, kilomita kumi hivi, lazima aombe kibali cha jeshi la Israeli; mwaka mwingine mkewe anapata, yeye anakosa. Ukamrudisha ngamia wa kuchongwa kwa mti wa mzeituni rafuni. "Nchi hii Mungu alishaigawa," ukasema, kwa Kiswahili, unatabasamu, ili asielewe.

Lile tabasamu, dada.

Kwenye kizuizi cha jeshi la Israeli askari alipanda basi letu, akatazama pasipoti, akashuka. Wenyeji walipita kwa miguu, mmoja mmoja, kwenye mageti ya chuma. Ninyi mkaanzisha pambio. Mimi nilinyamaza, na usinitolee macho: tiketi ulilipa wewe, ningesema nini?

Halafu ikaja Oktoba 7, 2023, Hamas wa Gaza walipoivamia Israeli. Vijana wetu wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo Israeli wakauawa. Ulinipigia unalia, nami kabla ya pole nikakujibu, "Na Wapalestina je?" Familia moja ilisubiri mwili wa mtoto wao miaka miwili, na mimi naleta ubishi. Kwenye sendofu nikarudia, safari hii na hesabu: makumi ya maelfu wamekufa Gaza. Hesabu ni ya kweli. Ila mbele ya wakwe zako? Hapo nilikosa.

Wapo Waisraeli na Wapalestina waliozika watoto na ndugu zao katika mgogoro huu huu wa miaka mingi, wanakaa meza moja. Parents Circle, kikundi cha tangu 1995. Hawakusahau wala hawakukubaliana kwamba yaliyopita si ndwele. Wanalia pamoja, na bado wanadai haki. Sisi tuliozaliwa tumbo moja tumeshindwa hata simu.

Nikuambie jingine. Ulipokuwa foleni ya choo nilirudi dukani, nikamnunua yule ngamia bila kuomba nipunguziwe bei. Yuko juu ya kabati la televisheni, sikio moja limekatika. Miaka yote, ukija kwangu, nilikuwa namficha chumbani.