Risala ya kikundi cha sanaa ya watoto, makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwenyekiti wa kijiji, wazazi, walimu na watoto wetu, hamjambo. Karibu sana kijijini kwetu New Congo. Tunajua vumbi la njia ya kutoka Mbarara limekupokea kabla yetu, utusamehe. Tunakusomea kwa Kiswahili, lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu 2005, kwa hiyo hatukutafuta mkalimani.

Historia kwa kifupi. Nakivale inapokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwalimu wetu alifika miaka mingi baadaye kutoka Bukavu, Kongo, akiwa na patasi mbili na cheti kilicholowa njiani. Mbao za kuchonga hakupata, alipata jerikeni. Akaacha vinyago vya mezani, akaanza kutengeneza kazi zinazojaza chumba kizima: huzitazami ukutani, unaingia ndani yake. Watoto walikuja kuchungulia, wakabaki. Ndivyo darasa lilivyoanza.

Mafanikio ni mengi mno. Kazi za mwalimu zimefika Kampala, kwani Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kutembea na kufanya kazi. Jerikeni thelathini zilipanda juu ya basi, zikafika ishirini na tisa. Ile moja tunaamini inamchotea mtu maji hadi leo. Mtoto mmoja aliyekaa kwetu miezi mitatu bila kutamka neno alianza kusema siku alipoulizwa anataka rangi gani. Alisema, "Ya njano, lakini si ya jerikeni." Mama yake yupo hapa, safu ya pili.

Kuvuka mpaka na ufundi wako si jambo geni. Mchoraji Elimo Njau alitoka Kilimanjaro akasomea Makerere, kisha mwaka 1965 yeye na wenzake wakaanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi. Katika jina hilo kuna paa wa porini na kuna kupaa. Sisi, Mheshimiwa, tunaomba paa la aina ya tatu, lile la mabati.

Hapo juu ya kichwa chako ni turubai. Ukitazama kulia utaona pale lilipopasuka, tukalishona kwa uzi wa neti ya mbu. Msimu uliopita watoto walitengeneza kazi iitwayo "Foleni": jerikeni zimepangwa kutoka mlangoni hadi ukutani, kama pale bombani asubuhi. Kila moja imekatwa kitako, ndani kumebandikwa mchoro wa nyumba ambayo mtoto aliiacha. Unainama, unaweka jicho kwenye mdomo wa jerikeni, na mwanga unaopenya plastiki unakuonyesha mlango, mwembe, bibi kwenye mkeka. Mvua ya usiku mmoja ilijaa humo. Asubuhi tulimwaga maji ya rangi. Kuna mtoto alikinga yake kwenye kikombe, hakutaka imwagwe.

Sasa tuseme kwa heshima zote. Mgeni rasmi wa mwaka juzi aliahidi mabati sitini, tukapiga makofi, na jioni ileile wazazi wakachimba msingi. Msingi upo, mbuzi wa jirani wanalala humo na afya zao ni nzuri. Mgeni wa mwaka jana aliahidi kufuatilia ahadi ya mwenzake. Tulimpigia, mwanzoni alikuwa kikaoni, baadaye simu ikawa haipatikani. Hatuwalaumu, viongozi wana mambo mengi. Ila kuku tuliowachinja siku hizo walikuwa wa kweli.

Mahitaji ni haya: mabati sitini ya geji 28, misumari ya mabati na miti ya kupaulia. Matofali tumefyatua wenyewe, yako nyuma ya choo. Mafundi ni wazazi, hawadai kitu. Kama sitini ni mengi, thelathini yatafunika upande wa michoro, na watoto wenyewe wamekubali kuendelea kulowa.

Mheshimiwa, tumefungua daftari la ahadi. Ukurasa wa kwanza na wa pili umeshajaa, wako ni wa tatu. Una nafasi ya kiasi, tarehe na sahihi. Kalamu tumeweka mbili, moja ikigoma utumie nyingine. Kisha utaombwa uiname kwenye jerikeni ya mwisho, iliyosalimika. Angalia nguzo, imelegea.

Naomba kuwasilisha.

Katibu wa kikundi