Barua ya KRA Ikifika, Angalia Tarehe Kwanza

Wengi hupanda ngazi za ofisi yetu ya mawakili hapa Kisumu wakati benki imeshazuia akaunti. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi ameandika hundi, imerudi, na meneja anamwambia KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya, imeagiza pesa zilizomo zipelekwe kwao. Hapo bado tunaweza kusaidia, ila nafasi nzuri imeshapita.

Nafasi hiyo ni siku 30 tangu upewe notisi ya makadirio ya kodi, yaani barua ya KRA inayosema unadaiwa kiasi gani. Siku hizi notisi huja kwa barua pepe iliyosajiliwa kwenye iTax, mtandao wa KRA wa kodi, na mara nyingi hiyo barua pepe ni ya yule kijana wa saiba, duka la intaneti, aliyekufungulia PIN ya kodi! Ndani ya siku hizo unaweka pingamizi, na KRA ina siku 60 za kuamua. Wakikataa, una siku 30 nyingine za kwenda kwenye Jopo la Rufaa za Kodi. Umechelewa kwa sababu ulikuwa mgonjwa au nje ya nchi? Unaweza kuomba uongezewe muda, lakini uwe na ushahidi.

Kwenda kaunta kulalamika si pingamizi. Pingamizi huandikwa, likataje kiasi unachokataa na sababu, na vielelezo viambatishwe. Kodi usiyoibishia unailipa, au unapatana nao jinsi ya kuilipa.

Kwenye vielelezo ndipo kazi ilipo. Mara nyingi tunakuta kila shilingi iliyoingia akaunti imeitwa mauzo. Sasa mama anayeuza nguo soko la Kibuye ni mweka hazina wa chama cha kuweka akiba, pesa za wenzake zinapitia kwake. Kuna mkopo wa sacco. Kuna pesa alizotoa M-Pesa akaziweka benki, zikahesabiwa mara mbili. Tunakaa naye na stetimenti, mstari kwa mstari: hii mauzo, hii chama, hii mkopo. Daftari la chama lenye sahihi za wanachama, hata likiwa limechakaa, lilete.

Kama deni unalikubali, huna haja ya kutulipa. Wewe au mhasibu wako mnaweza kuomba kulipa kwa awamu kupitia iTax, na mapema, maana riba ni asilimia 1 kila mwezi.

Yule anayejisifu kwamba "ana mtu ndani" mwepuke. Wakili yeyote, sisi pamoja, muulize cheti chake cha uwakili cha mwaka huu na ada kwa maandishi kabla hujamwachia makaratasi yako.